Datsun 1600 SSS, Datsun 240Z au Peugeot 504: bodi ipi ijengwe kwa rali ya magari ya zamani?

Gurudumu la Nne

Wakuu, naomba tuchambue. Bodi ni tatu: Datsun 1600 SSS (ile 510), Datsun 240Z, na Peugeot 504 saluni. Zote zimewahi kushinda Safari Rally ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hoja ya "hii ina jina" haitatusaidia. Kazi ni rali ya vumbi na mawe ya siku mbili hadi tatu, gari libaki na mitambo ya enzi zake, yaani kabureta na pointi za kuwashia moto, bila kompyuta. Ninachotaka kujua ni kila moja huanza kufa wapi, na kama fundi mwenye jeki, spana ya torki na fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo) anaweza kulirudisha barabarani usiku. Nguvu za farasi tuziache mwisho.

Tope la Pasaka

Kabla ya vyuma tuweke miaka sawa, maana watu huichanganya. Safari ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliyeijengea Peugeot heshima huku kwetu ni 404: 1963 na 1968 na Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1966 na 1967 na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika 7 tena.

1600 SSS ilishinda 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka uliofuata walishinda wale wale wawili lakini wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta akafuata nyuma yao na 240Z nyingine. Mehta akaja kushinda mwenyewe 1973, tena 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Ikabidi iangaliwe nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. 504 ilishinda 1975, Ove Andersson, na ile kope (coupé) ya V6 ikashinda 1978, Jean-Pierre Nicolas. Hiyo ya 1978 iwekeni pembeni: ni sisi 2664 (yaani cc, ujazo wa injini), milango miwili, siyo saluni anayouliza mwenye mada.

Magari yale yalikuwa na mafundi wa kiwanda wakiyasubiri njiani na vipuri vya kila aina. Gari lililovunja hafshafti (shafti fupi inayozungusha gurudumu la nyuma) lilipewa hafshafti nyingine hapo hapo. Anayejenga leo aangalie ushindi ule kwa jicho hilo.

Spana 17

Naanza na 510 kwa sababu ndiyo nyepesi. SSS haifiki tani moja. Injini ni L16 ya sisi 1595, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, kamu moja juu inayovutwa na cheni, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Mbele kuna strati za MacPherson (nguzo za springi na shokapu pamoja) na breki za diski, nyuma mikono ya mshazari yenye springi za koili, na breki za drami. Kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake, kwa hiyo kwenye barabara iliyokunjamana kama bati haitingishiki kama gari la ekseli ngumu.

Inaanza kufa kwenye hafshafti. Kila hafshafti ina splaini (mifereji ya kuingiliana) inayoteleza juu ya golori. Mpira wa kuzuia vumbi ukipasuka grisi inakauka, na injini ikivuta huku gurudumu linashuka, splaini inakwama halafu inaachia ghafla. Dereva husikia mshtuko nyuma akadhani ni shokapu. Akiendelea, krosi jointi inakatika. Dawa ni kuzifungua kabla ya kila rali, kuosha golori zote, mpira mpya, grisi ya molibdenamu. Golori za kulia zisichanganywe na za kushoto, zimezoeana na njia zake.

Pa pili ni stelingi. 510 haina reki, ina boksi na mkono wa upande wa pili ambao bushi yake inalika. Ukishika gurudumu la mbele ukalisukuma kushoto na kulia na stelingi isijibu, anza na bushi hiyo kabla hujalaumu boksi. Halafu kagua bodi pale boksi linapofungwa, piga brashi ya waya hadi chuma kiwe cheupe, nyufa hujificha chini ya rangi.

Bodi yenyewe lazima iongezewe nguvu. Chomelea mishono ya minara ya strati na ya mabega ya nyuma kwa vipande vya kama sentimita 2.5, uache sentimita 5, uendelee. Usivute mshono mrefu wote mara moja: bati ni jembamba, linapinda, na pembeni ya mshono panakuwa pagumu na pepesi kupasuka. Juu ya minara weka bamba la mm 3. Chini ya sampu (bakuli la oili la injini), aluminiamu ya mm 6 inayofungwa kwa boliti nne zinazofikika, maana utaitoa kila jioni kutafuta oili inayovuja.

Da Zuhura

Kaka Spana, umesema vizuri, lakini umeruka swali la vipuri. SSS nzima yenye kabureta zake mbili ni adimu. Nyingi zilizobaki zimeshavuliwa zikawekewa kabureta moja ya pikapu. 504 iliunganishwa Mombasa, na Kaduna kule Nigeria, miaka mingi. Giaboksi, strati za mbele, distributa, vipo.

Ila mwenye mada asikimbilie pikapu iliyolala akidhani nyuma yake itaingia kwenye saluni. Pikapu na stesheni wagoni zina ekseli ngumu. Saluni nyingi zina difu (boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) iliyofungwa kwenye bodi na mikono ya mshazari. Injini na mbele utatumia, nyuma hapana.

Injini ya kutafuta ni XN1: sisi 1971, boa (upana wa silinda) mm 88, stroki (mwendo wa pistoni) mm 81, kabureta. Ile XN2 ya sindano ina pampu ya Kugelfischer. Ni nzuri ikiwa nzima, lakini ikichafuka haifanyiwi kazi kwa fila geji chini ya mwembe. XN1 ni ya fito na roka, haina cheni ndefu ya kwenda juu, na vyumba vyake vya kuchomea ni nusu duara, hewa inaingia upande mmoja moshi unatoka upande wa pili.

Udhaifu wake mkubwa ni slivu za maji (mabomba ya silinda yanayotoka). Slivu inakaa ndani ya bloku maji yakiizunguka, imekandamizwa na hedi tu, na chini ina sili. Ukifungua hedi kisha mtu akazungusha krenki, pistoni inanyanyua slivu na sili imekwisha. Utafunga kila kitu vizuri, gari litawaka, na baada ya siku mbili oili itakuwa kama chai ya maziwa. Kwa hiyo hedi ikitoka tu, weka vibana slivu: boliti fupi na washa pana kwenye matundu ya hedi, mbili kwa kila slivu. Kabla ya kurudisha, pima kwa geji ya saa kila slivu imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Zikitofautiana, gasketi itaungua pale ilipo fupi, hata ukikaza namna gani.

Spana 17

Dada Zuhura, na klachi je? Hapo ndipo 504 inaponishinda.

Da Zuhura

Ni kweli, sikatai. Propela shafti ya 504 imo ndani ya bomba linalofungwa kwa giaboksi mbele na difu nyuma, vyote vinakuwa kitu kimoja kigumu. Faida yake ni kwamba difu haijipindi gari linapovuta. Hasara ni kwamba giaboksi haishuki mpaka bomba lisogezwe nyuma, na bomba halisogei mpaka ufungue huko nyuma. Kwenye 510 propela iko wazi, unafungua boliti za difu, unaichomoa, giaboksi inashuka. Kwa hiyo anayejenga 504 aweke klachi mpya, bearing ya klachi mpya na sili ya nyuma ya krenki mpya wakati injini iko nje, hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Hutazigusa tena msimu mzima.

Pia uzito: 504 ina kama kilo 1,200 kabla ya kuweka keji (fremu ya mabomba ya kumlinda dereva). Tafuta toleo la diski nne. Lenye drami nyuma kwenye mteremko mrefu utalijutia.

Mzee Kabureta

Nimewaona mnaikwepa 240Z. Ngoja niiseme, mazuri na mabaya.

Injini yake, L24, watu huitazama kama mnyama mwingine. Boa 83, stroki 73.7. Pima L16: boa 83, stroki 73.7. Ni silinda ile ile ya karibu sisi 399, nne zikawa 1595 na sita zikawa 2393. Roka, vikofia vya valvu na mtindo wa kurekebisha ni ule ule. Aliyejifunza L16 hana kigeni kwenye L24 isipokuwa mfuatano wa moto: 1-3-4-2 kwa nne, 1-5-3-6-2-4 kwa sita. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni mm 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Ikiwa moto, 0.25 na 0.30.

Na ugonjwa wao ni mmoja. Hedi ya injini hizi za L ina milango ya kuingiza na ya kutoa upande mmoja, kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya moto. Gari likiwa linakimbia hakuna shida. Likisimama dakika kumi kwenye kituo cha muda (pa kusajili saa za rali), joto linapanda, petroli inachemka kwenye bakuli na kwenye bomba, kisha linakataa kuwaka. Kwenye Z ni mbaya zaidi, kuna silinda sita za moto chini ya boneti ndefu. Fanya haya: ngao ya bati kati ya manifoldi na kabureta, vipande vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi viwe vizima, bomba la kurudisha petroli kwenye tangi lisizibwe (mafundi wengi huliziba wakidhani halina kazi), na pampu ya umeme karibu na tangi ili isukume kutoka nyuma badala ya kuvuta kutoka mbele.

Kuhusu tyuni: anza na jeti ikiwa sawa na daraja (sakafu ya koo la kabureta jeti inapotokea), kisha ishushe mizunguko 2 na nusu, zote mbili sawa. Linganisha mvuto wa hewa kwanza, ndipo uguse mchanganyiko. Ukianza na mchanganyiko utazunguka siku nzima. Kwenye vikombe vya juu ya kabureta weka oili ya SAE 20. Kwenye vumbi fungua vikombe kila jioni, futa kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, usitumie msasa hata ule laini. Pistoni ya kabureta ishuke yenyewe ikagonga daraja kwa sauti. Isiposhuka silinda hizo zitakula petroli, na dereva atasema koili ya moto imekufa.

Tope la Pasaka

Mzee, umetaja injini tu. Bodi ya Z?

Mzee Kabureta

Bodi ndiyo inayonifanya nisiipendekeze kwa anayeanza. Kutu. Chini ya betri, sakafu, reli mbili zinazopita chini yake, na pembe za chini nyuma ya milango. Reli hizo ndizo chesisi yenyewe, zikioza unachomelea keji kwenye karatasi. Gonga kwa nyundo ndogo urefu wote, usiridhike na rangi.

Nyuma ina strati pia, na chini kuna pini ndefu inayopita kwenye nyumba ya bearing na bushi za mkono, ikibanwa katikati na kipini cha kabari. Kutu inaiunganisha na chuma kabisa. Mtu akiona haitoki anachukua nyundo, nyuzi zinatawanyika, pini inavimba kichwa, sasa haitoki milele. Toa kabari kwanza, loweka siku mbili, kisha vuta kwa kivutio cha boliti. Hiyo ni kazi ya gereji, haifanyiki porini. Kwa hiyo kabla ya rali bushi zote za nyuma ziwe mpya na pini mpya zipakwe grisi.

Mauntingi ya mbele ya difu nayo ni mpira, pua ya difu ikinyanyuka wakati wa kuvuta inachanika. Utasikia mgongano mkubwa kila ukiachia klachi. Ongeza kizuizi kutoka juu. Tena angalia mwaka: katikati ya 1971 difu ilisogezwa nyuma kama mm 35 ili hafshafti zinyooke, na ule upinde wa nyuma unaoishika ukabadilika. Vipande vya kabla na baada ya hapo usivichanganye.

Kijana wa Rimu

Shikamoo wakubwa. Kama L16 na L24 ni ndugu, kwa nini asiweke L24 kwenye 510, apate wepesi na nguvu pamoja? Na Escort mmeisahau, na Porsche.

Spana 17

Marahaba. Silinda mbili za ziada zinakaa mbele ya ekseli. Utakata sehemu ya kushikia rejeta, pua itakuwa nzito, na kwenye changarawe gari litakataa kukunja kona. Ukitaka nguvu kwenye 510 weka L18: boa 85, stroki 78, sisi 1770, bloku ina urefu ule ule, kila kitu kinakaa palipokuwa. L20B ina sisi 1952 lakini bloku yake ni ndefu kwa karibu mm 20, cheni ndefu, kava ya mbele nyingine, na boneti inaanza kugombana na kabureta. Kabla ya yote soma kanuni za rali unayoiendea, nyingine zinataka injini iliyosajiliwa na gari hilo.

Tope la Pasaka

Escort ilishinda 1972 na Hannu Mikkola, wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, na 1977 na Björn Waldegård. Ila ile ya 1972 ni RS1600 yenye injini ya BDA, valvu 16. Bei ya hedi yake pekee unanunua 504 ukabakiwa na chenji. Porsche 911 haijawahi kushinda Safari yenyewe enzi hizo, ilikuwa ya pili 1972, 1974 na 1978. Sifa yake imekuja baadaye kwenye rali ya magari ya zamani iliyoanza 2003. Waldegård huyo huyo aliishinda 2011 akiwa na 911.

Da Zuhura

Niongeze mawili yanayohusu zote tatu. La kwanza, keji. Kipimo cha FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) kwa tao kuu ni bomba lisilo na mshono la mm 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai, hata likiwa nene, lina mshono. Kila mguu ukae juu ya bamba la mm 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi.

La pili, petroli. Tangu 2006 hatuna petroli ya risasi, na risasi ndiyo ilikuwa ikilinda sitingi (viti vya kukalia) za valvu za kutoa. Hedi ya zamani ikifunguliwa, weka sitingi ngumu upande wa kutoa. Usipoweka, nafasi ya valvu itakuwa ikipungua yenyewe kila ukipima, mpaka valvu inaungua.

Mzee Kabureta

Na oili, kwa wenye injini za L. Kamu inasugua roka moja kwa moja, haina rola. 20W-50 yenye zinki ya kutosha. Kamu ikichongwa upya inakuwa ndogo, kwa hiyo vikofia vya valvu vinene vinahitajika, na hapo wengi hukosea: wanarekebisha nafasi wanafunga. Paka wino kwenye roka, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, angalia alama. Lazima ikae katikati ya uso wa roka. Ikiangukia ukingoni, badilisha unene wa kikofia mpaka irudi. Kisha injini ikiwaka mara ya kwanza isikae sailensa (mizunguko ya chini bila kukanyaga), ishike mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20. Kama ina lile bomba jembamba la kumwagia kamu oili, hakikisha kila tundu linatema kabla ya kufunga kava.

Gurudumu la Nne

Nimewaelewa wakuu. Z naiacha kwa sababu ya reli. 504 ningeichukua kama ningekuwa peke yangu bila gari la huduma, ila klachi ile imenitisha. Naelekea 510 yenye L18. Swali la mwisho: hedi ikiungua gasketi njiani, naweza kuitoa bila kufungua kava ya mbele?

Spana 17

Unaweza, lakini tayarisha kabari kabla hujasafiri. Mkaza cheni uko chini ndani ya kava, unasukumwa na springi. Ukitoa gia ya kamu cheni inalegea, mkaza unaruka nje, na hapo lazima utoe rejeta, puli, na kava nzima ili uurudishe. Kwa hiyo: leta silinda ya kwanza juu, weka alama ya rangi kwenye gia na kwenye pingili ya cheni iliyo mkabala nayo. Chonga kabari ya mbao ngumu yenye urefu kama sentimita 25, inayopungua unene kuelekea chini, na utoboe tundu juu upitishe kamba. Ishushe katikati ya pande mbili za cheni mpaka ikaze, ndipo ufungue boliti ya gia. Hedi ina boliti 10, zilegeze kuanzia nje kwenda katikati, na usisahau zile ndogo za mbele zinazoshika hedi na kava, ndizo zinazofanya watu wang'oe kwa nguvu wakavunja kava. Wakati wa kurudisha kaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu, gia irudi kwenye alama, boliti yake ikazwe, kabari itoke kwa kamba. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata.

Da Zuhura

Na kamba iwe ya nailoni. Ya katani inaloa oili, inakatika, na kabari inabaki humo humo.